Vitabu Vyote kwa Jina la Selpha

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Hata mazishini huwa nakaa kimya mpaka nisukumwe. Lakini Selpha Nekoye nitamsifu, na nitaanza na ubaya wake ili mtu asiseme nimehongwa. Alikuwa mbishi. Sauti yake ilisikika kutoka mwisho mmoja wa landhi, zile nyumba zetu za wafanyakazi wa shamba, hadi mwingine, hata alipodhani ananong'ona. Akikupa uji alikusimamia mpaka umalize, uwe na homa au umeshiba, na ukibakisha alikuuliza kama mama yako ndivyo alivyokufundisha. Tena hakujua kusoma hata herufi moja. Hilo la mwisho si ubaya, ila mlishike, kwa sababu kuna wakati mwanamke huyo ndiye aliyekuwa msomaji mkubwa kuliko wote Thika nzima. Makaratasi ya Serikali ndiyo yaliyosema hivyo.

Alifika Ruiru mwaka wa hamsini na nne pamoja na mumewe, Tobias Barasa, kutoka Kimilili. Hali ya Hatari ilikuwa imepamba moto, na wanaume wetu walikuwa wamezolewa kwa malori kupelekwa kizuizini, Muigai mume wangu akiwa mmoja wao. Kahawa haikujali habari hizo. Iliiva kama kawaida, mwenye shamba akawa hana mikono ya kuichuma, ndipo wakaletwa watu wa magharibi. Selpha na Tobias walipewa chumba kilichopakana na changu, na chumba hicho kilikuwa cha shemeji yangu aliyechukuliwa. Mnaweza kufikiria niliwapokea namna gani. Nilianza kuchota maji mapema ili nisikutane na yule mwanamke bombani.

Yeye ni kama hakuona kwamba anachukiwa, au aliona akapuuza. Kila asubuhi alinisalimu kwa sauti yake hiyo, "Habari ya kuamka, Mama Nyawira," na nisipojibu alinisalimu tena, mpaka majirani wakaanza kuchungulia. Siku aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, Tobias alikuwa mbali shambani, na mkunga wetu alikuwa kijijini, ndani ya uzio wa waya, asiweze kutoka bila ruhusa. Nikaingia mimi. Mtoto alipotoka, mvulana waliyemwita Wamalwa, Selpha alinishika mkono akasema, "Sasa huyu ni wako pia. Usiniletee tena sura ya kununa." Tangu siku hiyo tukawa mtu na dada yake.

Baadaye Tobias alipata kazi ya kuchochea moto wa boila katika kiwanda kimoja Thika, wakahamia huko kwenye nyumba za wafanyakazi. Selpha akawa anauza uji langoni asubuhi, na Jumamosi alipanda basi kuja Ruiru kutuuzia mandazi. Sisi hatukuweza kwenda kwake. Pasi zetu zilituruhusu kuwa shambani na kurudi landhini, na ukitaka kwenda zaidi ya hapo ulimwomba nyapara akuandikie ruhusa, na nyapara naye alitaka kujua kila kitu mpaka rangi ya chupi ya shangazi yako. Selpha alitembea tu. Hakuna askari aliyehangaika na mama wa magharibi mwenye kikapu cha mandazi.

Basi mwaka wa hamsini na saba Serikali ikatoa hela za kuweka maktaba ya bure Thika, katika ukumbi ulio karibu na nyumba hizo za wafanyakazi. Kabati mbili za vitabu, meza ndefu, viti, na karani wa kuvitunza, kijana kutoka Machakos aliyeitwa Kaleli. Mtu yeyote angeweza kuingia, akachagua kitabu, akaenda nacho nyumbani wiki mbili, asitoe hata senti. Tangazo lilibandikwa kila mahali.

Hakwenda mtu. Lile neno "bure" ndilo lililoharibu mambo. Miaka hiyo Serikali ilikuwa imetupa vitu vingi bure: waya wa miiba, kazi ya lazima ya kuchimba mitaro, safari za malori. Sasa inatuambia njooni mchukue vitabu bure, ila kwanza mtaje majina. Mtu gani mwenye akili angetaja? Sisi tuliona jinsi jina linavyofanya kazi. Mtu amefunikwa gunia kichwani, mnapitishwa mbele yake mmoja mmoja, akitikisa kichwa jina lako linaandikwa, na hapo umekwisha. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa mara za kutosha, na la Muigai zaidi. Kwa hiyo tukasema hiyo maktaba ni mtego, na aliyeutega ni mjinga kwa kudhani hatuuoni.

Kaleli alikaa peke yake na vitabu vyake. Aliwahi kuniambia kwamba alikuwa akivipangusa vumbi asubuhi na kuvipangusa tena jioni ili asionekane anakula mshahara wa bure. Mtu pekee aliyeingia humo alikuwa Selpha, naye hakufuata kitabu, alifuata kikombe chake. Kaleli alikuwa amenunua uji langoni akaondoka nacho.

"Hivi vyote ni vya nani?" Selpha aliuliza, akiangalia kabati.

"Vya watu wote, mama. Serikali imeshalipa."

"Imelipa na hela gani?"

Kaleli alifikiri kidogo. "Za kodi. Hata ya Baba Wamalwa imo."

"Kumbe Tobias amenunua vitabu na hajaniambia." Akavuta kiti akakaa. "Mtu akichukua, anatoa nini?"

"Anatoa jina tu."

"Jina ninalo," akasema Selpha.

Kaleli alimwandikia kadi. Kisha akaomba kitabu chenye picha za nguo. Hakuwa anajitakia mwenyewe. Alinijua mimi, Warigia, niliyeshona viraka vya landhi nzima kwa mkono, chini ya mwanga wa kibatari, nikijichoma vidole. Kaleli alimpa kitabu cha Kiswahili cha kukata na kushona. Selpha akakifunga kwa karatasi ya sukari, akakiweka chini ya mandazi, akaja nacho Ruiru Jumamosi.

Nilikikataa. Nilimwambia akitoe nyumbani kwangu kabla hakijaniletea askari. Akanijibu kwamba kitabu hakinijui, kinamjua yeye, na kama kuna wa kufungwa ni yeye, kwa hiyo ninawe mikono nianze kumsomea ajue Tobias amemnunulia nini. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne misheni. Nikafungua. Kurasa za kwanza zilieleza jinsi ya kupima mabega ya mtu kwa uzi kama huna tepu. Sikulala mapema siku ile. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimemkatia Nyawira gauni la marekani lenye kola, kola iliyokaa shingoni kama inavyotakiwa, na wanawake wa landhi wakaja kuigusa. Niseme wazi: cherehani iliyonilishia watoto miaka iliyofuata ilianza na kitabu kile. Nisingeweza kukinunua. Hata duka la kukinunua sikulijua.

Mambo hayo hayafichiki. Wakaja wengine. Mzee Gachanja, aliyefanya kazi kwenye mtambo wa kuosha kahawa, alikuwa ametoka kizuizini Manyani punde tu. Tangu arudi alikuwa hasemi na mtu. Siku moja alisimama mlangoni kwangu Selpha akiwepo, akauliza kama huko Thika kuna kitabu cha habari za zamani, za wafalme. "Lakini jina langu sitoi," akasema.

"Nani amekuomba jina lako?" Selpha akamjibu. "Ninaomba unawe mikono na usikunje kurasa."

Wayua, mke wa dereva wa trekta, alitaka cha kulea watoto. Mwingine akataka cha kufuga kuku. Kule Thika nako wenzake Tobias wa kiwandani, watu wetu wenye hofu ile ile, wakaanza kumnong'oneza Selpha pale kwenye uji. Kanuni ya maktaba ilikuwa mtu mmoja kitabu kimoja. Kaleli aliikunja kanuni hiyo mpaka ikalia. Alijua vizuri vitabu vinakwenda wapi, lakini aliona afadhali vitoke kwa jina moja kuliko viozee kabatini. Kwa hiyo kadi ya Selpha ikajaa, akaunganishiwa nyingine, nazo zikajaa. Kadi nyingine zote sandukuni zilikuwa nyeupe.

Huo ndio ulikuwa ujinga wetu, na sisi tuliuona kuwa ndio werevu wenyewe. Tulidhani Serikali inahesabu watu ili iwakamate. Hatukujua kwamba safari hii ilikuwa inahesabu watu ili ijue kama ilete vitabu zaidi.

Mwaka ulipokaribia kwisha alikuja ofisa kutoka Nairobi, Mzungu aliyesimamia hela hizo. Jina lake hatukulijua, tulimwita Bwana Maendeleo. Alizisoma zile kadi akafurahi sana, kwa sababu alidhani amegundua ajabu: mwanamke Mwafrika, muuza uji, aliyesoma karibu kabati nzima. Akataka kumpiga picha itiwe gazetini. Selpha akaitwa, akaja na aproni yake ya kazi, akasimamishwa mbele ya vitabu. Bwana Maendeleo akampa kimoja mkononi.

"Soma kidogo, mama," akasema kwa Kiswahili chake safi cha darasani. "Soma kama kawaida yako."

Selpha alikitazama kitabu. Angeweza kukiinamia na kuchezesha midomo, picha ingetoka nzuri na mambo yangekwisha. Kaleli mwenyewe alikiri kwamba aliomba Mungu afanye hivyo.

"Mimi sijui kusoma, Bwana," akasema Selpha.

Kamera ikashuka. Bwana Maendeleo akageuka mwekundu, akamtazama Kaleli, akamtazama Selpha, akauliza basi vitabu viko wapi. Selpha akasema viko salama. Viko kwa nani? Kwa wenye kuvisoma. Ni nani hao? Hapo Selpha akanyamaza, na wanaomjua wanaelewa kwamba hilo lilikuwa jambo zito kuliko sauti yoyote aliyowahi kutoa.

Ofisa hakuwa mtu mbaya, nampa haki yake. Alieleza taratibu. Hela hizi ziliombwa kwa ajili ya umma. Wakubwa wake wakimuuliza ni watu wangapi wanaotumia maktaba ya Thika, makaratasi yanasema mmoja, naye hajui kusoma. Wakisikia hivyo, hela za mwaka ujao zitapelekwa kwingine, ukumbi utawekewa mbao za ujenzi, na Kaleli atatafuta kazi nyingine. "Sina ubaya na wewe," akamwambia Selpha. "Nitajie wasomaji, niandike, maktaba ibaki. Usiponitajia, nitarudi Jumamosi ijayo kuvichukua vitabu vyote, na kitakachokosekana utakijibia wewe."

"Majina yao si yangu," Selpha akasema. "Vitabu utavipata."

Alikuja Ruiru katikati ya wiki, jambo ambalo hakulizoea, na kikapu kilikuwa kitupu. Tulikuwa tumetoka kupima kahawa, tumekaa nje ya landhi, Gachanja akiwa anatusomea habari za mfalme mmoja aliyepigana na nduguye. Maana hata Gachanja alikuwa ameanza kusema, ila kwa maneno ya kitabu kwanza. Selpha akatuambia yote, kama nilivyowaeleza nyinyi sasa. Hakulia wala hakulaumu mtu. Akaweka kikapu katikati yetu.

"Nimekuja kuvichukua," akasema. "Virudi vyote, wasije wakasema sisi ni wezi."

"Na ulimwambia nani anavyo?" akauliza Wayua.

"Sikumwambia."

"Hata mmoja?"

"Mliniambia nisitaje. Sasa ningetaja nani?"

Nilikasirika. Mpaka leo sijui niliyemkasirikia ni nani hasa, lakini yeye ndiye aliyekuwa mbele yangu, kwa hiyo nilimfokea. "Wee Selpha, na maktaba ikifungwa? Na Kaleli? Na wewe ukipelekwa kortini kwa ajili ya kitabu cha kuku?"

"Basi nifanye nini, Mama Nyawira? Nikuuze?"

Wayua alikuwa wa kwanza kutia kitabu chake kikapuni. Akasema taratibu kwamba vitabu ni vizuri lakini uhai ni bora, na sote tulijua anasema kweli. Wakatia wengine. Nikaingia ndani nikaleta changu, kile cha kushona, nilichokuwa nimekirudisha na kukiazima tena mara nyingi mpaka Kaleli akaacha kuuliza. Nikakiweka juu ya vingine. Nikakitazama pale kikapuni. Kisha nikakitoa.

"Hiki nitakirudisha mwenyewe," nikasema.

"Utakirudishaje na huna pasi ya Thika?"

"Nitaomba ruhusa."

Watu walinitazama kama nimepandwa na wazimu. Gachanja aliinuka. Alifunga ile hadithi ya wafalme, akaiweka kwapani, akaenda zake, na mimi nikajua hakuitia kikapuni.

Kumuomba Kagwe ruhusa hakukuwa mchezo. Huyo ndiye nyapara wetu, mtu wa koti refu na fimbo, mwaminifu kwa Serikali kiasi kwamba tuliamini hata usingizini anapiga saluti. Jumamosi alfajiri tukamwendea. Nilidhani tutakuwa wawili, mimi na Gachanja, lakini nilipogeuka nikaona Wayua anakuja, na nyuma yake wengine. Wayua alikuwa amelifuata kapu la Selpha mpaka kituo cha basi akachukua kitabu chake, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Selpha alirudi Thika na kikapu kitupu kama alivyokuja nacho.

"Kundi lote hili mnaenda wapi?" akauliza Kagwe.

"Thika, kurudisha mali ya Serikali," nikasema.

"Mali gani?"

Tukamwonyesha. Alichukua muda kuelewa. Angetukatalia kwenda sokoni, kanisani, hata hospitali, na amewahi kufanya hivyo. Lakini kuzuia mali ya Serikali isirudi kwa Serikali? Alitafuna mdomo. Akachukua kalamu akaanza kutuandikia ruhusa mmoja mmoja. Alipomaliza akasema tungoje, akaingia nyumbani kwake, akatoka na kitabu cha kufuga nyuki kimefungwa kwenye gazeti.

"Haiya, kumbe na wewe?" akasema Gachanja.

"Wacha maneno," akasema Kagwe. "Nilikipata kwa dereva. Tembeeni."

Akaja nasi, na fimbo yake na koti lake.

Njiani sikufurahia kitu. Sitaki nionekane shujaa. Kila basi lilipopunguza mwendo nilidhani ni kizuizi cha askari. Nilikuwa nawaza Muigai aliko, na kwamba jina langu likiandikwa tena, wataona ni la mke wa nani. Gachanja alikuwa ameketi mbele yangu. Kitabu alikishika magotini kwa mikono miwili tangu Ruiru mpaka Thika.

Tulipofika, Bwana Maendeleo alikuwa ameshafika na masanduku ya kufungia vitabu. Kaleli alikuwa anatoa vitabu kabatini na uso wa mtu anayevunja nyumba yake mwenyewe. Selpha alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa gauni la kanisani nililomshonea, tayari kwa lolote. Alipotuona tunaingia na vitabu mkononi alisimama. Akaanza kutuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja. Na nyuma yetu wakaingia wanaume wa kiwandani na ovaroli zao, nao na vitabu mkononi, Tobias akiwa kati yao, uso wote masizi ya boila. Hao hatukuwa tumewaita. Walikuwa wamesikia kwake tu, naye Tobias si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo sijui aliwaambia nini.

Tukasimama. Hakuna aliyetaka kutangulia. Kaleli alikaa mezani, akavuta zile kadi nyeupe, akangoja.

Gachanja alisogea. Mtu ambaye hakuwa amesema jina lake mbele ya meza ya Serikali tangu atoke Manyani, na mara ya mwisho aliposema walimchukulia miaka. Aliweka kitabu mezani, akakinyoosha kwa kiganja.

"Gachanja wa Mbote," akasema. "Andika. Hiki nilikisoma mimi."

Kaleli akaandika. Kisha nikaenda mimi. Nilisema Warigia, mke wa Muigai, na jina la Muigai nililitaja kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikasema hiki nilikisoma mimi, na gauni lile pale alilovaa yule mama limetoka humu ndani. Akaja Wayua. Akaja Kagwe, akataja cheo chake kwanza, kisha nyuki. Wakaja wa kiwandani. Kaleli aliandika mpaka kadi nyeupe zikaisha, akaanza kukata karatasi. Bwana Maendeleo alisimama kando ya masanduku yake matupu, kofia mkononi. Hakumhoji mtu. Nilimwona akimtazama Gachanja, na nadhani alielewa, si yote, lakini sehemu fulani alielewa.

Mwishowe akasema, "Hela za mwaka ujao nitaziombea. Sasa nina cha kuwaambia."

Tulishukuru, kila mtu kwa namna yake. Ila Selpha alikuwa na lake la kusema.

"Bwana, asante. Lakini watu hawa wamekupa majina yao, na unajua miaka hii jina ni kitu gani. Ukiyatoa humu ukayapeleka kwingine, sisi tutamtafuta nani? Lako hatulijui."

Niliona Kagwe anainamisha kichwa, maana hakuna aliyewahi kumsikia mtu anaongea hivyo na Mzungu mwaka ule. Bwana Maendeleo alianza kucheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akaweka kofia mezani. Akachukua kipande cha karatasi katika vile alivyokata Kaleli, akaandika jina lake lote, taratibu, kwa herufi kubwa, na anwani ya ofisi yake. Akampa Kaleli.

"Tia humo pamoja nao," akasema.

Kaleli aliishika ile karatasi, akakohoa kidogo. "Bwana, kadi yenye jina bila kitabu haiwekwi sandukuni. Ndiyo kanuni."

Basi akachagua kitabu. Alichukua cha nyuki, ambacho Kagwe alikuwa amekirudisha muda mfupi uliopita, na Kagwe akamwambia sura ya tatu ni ngumu asikate tamaa.

Hela zilikuja. Mwaka uliofuata kabati zikawa nne, na taa ya kusomea. Nimezeeka sasa, na nikiambiwa niorodheshe mambo mema niliyofanyiwa na Serikali ile haitanichukua muda mrefu, lakini hilo moja ni jema, nalishukuru kwa moyo wote, na ninamshukuru zaidi mwanamke aliyebeba majina yetu sote juu ya lake mpaka tulipopata nguvu ya kuyabeba wenyewe. Muigai aliporudi alinikuta nina cherehani.

Na wiki mbili baada ya ile Jumamosi, nilipokuwa Thika kwa ruhusa ya Kagwe, nimesimama kwenye foleni nirudishe kitabu, gari lilisimama nje. Bwana Maendeleo aliingia na nyuki wake kwapani. Kaleli akataka kuinuka ampokee, lakini ofisa akamfanyia ishara akae. Akatuangalia, akatafuta mwisho wa foleni, akasimama nyuma yangu.